Herufi Moja ya Kike

Honorine Gaudry aliandika kwenye meza ile ile aliyomenyea viazi. Supu ikitokota, kalamu nayo inakwenda. Hadithi zake zilitoka kila Jumamosi katika gazeti la mji wa Rouen, kwa jina la Luc Marchal. Alihofu kwamba hadithi yenye jina la mwanamke ingetupwa kapuni kabla ya kusomwa. Kazi zake alizituma kwa posta, na mhariri hakuwahi kumwona.

Jumatatu moja mumewe Firmin, fundi viatu, aliingia mbio, povu la kinyozi bado shavuni.

"Mke wangu! Luc Marchal yuko mjini!"

"Luc yuko hapa anamenya viazi. Una nini wewe?"

"Sikutanii! Ni bwana mmoja anaitwa Roussin, masharubu kama ufagio. Anasema Luc ni yeye. Leo saa sita, kwa mhariri, anatia saini mkataba wa kitabu chako!"

Kisu kikamponyoka Honorine. Kitabu cha hadithi zake za miaka mitatu!

"Rasimu zako ziko wapi?" Firmin akauliza.

Honorine akalitazama jiko. Kila asubuhi alizitumia kuwashia moto.

Wakakimbilia kwa jirani yao Zélie, mpanga herufi katika kiwanda kilichochapa gazeti lile. Zélie akasikiliza, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe ni wewe, shoga! Nilijua Luc ni mwanamke. Sikujua ni jirani yangu!"

"Ulijuaje?"

"Kwa ile herufi."

Katika Kifaransa, mwanamke akiandika "nimechoka" huongeza herufi e mwishoni. Mwanamume haiongezi. Honorine alipoandika kama Luc, mara nyingine ile e ilimponyoka, naye akaikata kwa wino.

"Kurasa zako zote ziko kabatini kiwandani kwetu," Zélie akasema, huku akivaa kofia. "Twende! Lakini nisikilize. Jina la kalamu si kosa. Kosa ni kulitumia bila ushahidi. Mhariri alijue jina lako halisi. Mkataba uwe na majina yote mawili, na nakala moja akae nayo wakili. Na rasimu, shoga, usizipikie supu!"

Walipita kiwandani, wakachukua kurasa, wakaingia kwa mhariri wakihema. Roussin alikuwa ameshachovya kalamu. Zélie akazimwaga kurasa mezani.

"Hizi ni zako, bwana?"

"Zangu zote."

"Basi tueleze. Hapa umechoka kike. Hapa umezaliwa kike. Hapa umeketi kike, halafu ukakata. Mara kumi na moja! Tangu lini, na masharubu yote hayo?"

Mhariri akavaa miwani. Akawapa Roussin na Honorine karatasi, kila mtu yake.

"Niandikieni mistari mitatu."

Honorine aliandika, na mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye kurasa. Roussin hakungoja hukumu. Alitoka hata kofia akaisahau.

Siku hiyo hiyo mkataba ukaandikwa upya: Honorine Gaudry, aandikaye kwa jina la Luc Marchal. Nakala ikaenda kwa wakili. Rasimu sasa zina sanduku lake lenye kufuli, na jiko linawashwa kwa vijiti.

Kitabu kilipotoka, watu walibishana kwa kinyozi kuhusu Luc: mrefu au mfupi? Firmin alinyolewa kimya, akitabasamu. Alipofika nyumbani akaita mlangoni:

"Luc! Supu iko tayari?"

"Luc anaandika," sauti ikajibu. "Viazi viko mezani. Menya!"