Barua Iliyosahihishwa kwa Kalamu Nyekundu

Kwa nini kijana mwenye Kiingereza kizuri aandike sentensi kumi za kitenzi kimoja, zote zikimhusu msichana mwenye mafua? Shen Ruoyi, kiongozi wa kikundi kinachosoma Kiingereza kwa sauti kando ya ziwa la chuo kila alfajiri, hakuwa na jibu. Alikuwa na kalamu nyekundu tu.

Kitenzi cha wiki kilikuwa "keep", chenye maana ya kushikia, kuendelea na hata kutunza. Pang Jinhe aliandika: "Kila siku namshikia kiti maktabani kwa kuweka kamusi yangu." Kisha: "Anaendelea kupiga chafya, nami naendelea kumpelekea maji ya moto." Mwishowe: "Siri hii siwezi tena kuitunza."

Ruoyi akaandika pembeni: "Siri gani? Fafanua." Akampa sita kwa kumi, akaipiga picha karatasi hiyo, akairusha kwenye kundi la simu la watu arobaini na watatu: "Tujifunze kwa makosa ya mwenzetu."

Bwenini, ambako wasichana wa chumba kimoja waliitana kwa kufuata umri, Wa Kwanza alicheka hadi akashika mbavu.

"Wa Tatu, akili umeiacha wapi? Umetumiwa barua ya mapenzi, ukaisahihisha!"

"Mwenye mafua ni nani?"

"Hebu penga kamasi kwanza, halafu uniulize tena."

Ruoyi akapenga. Uso ukamwiva.

Simu ikalia. Ujumbe wa Jinhe: "Kiongozi, asante kwa alama. Ziwani sitakuja tena."

Ndipo Ruoyi alipotambua kwamba si vitenzi vilivyokuwa vikimtoa kitandani kwenye baridi ya alfajiri.

Mara mama yake akapiga. "Mwanangu, karatasi ya sifa zako niliyobandika kwenye bustani ambako wazazi huwatafutia watoto wachumba imejibiwa! Ni daktari wa meno, anataka mle chakula cha mchana Jumamosi. Vaa viatu virefu, kwenye karatasi nimekuongezea urefu wa sentimita tatu."

"Mama!"

"Kila mzazi anaongeza!"

Alfajiri iliyofuata, Ruoyi aliongoza kikundi kizima hadi chini ya bweni la wavulana.

"Pang Jinhe! Nimekuja kuomba radhi!"

Jinhe akachungulia dirishani, mswaki mdomoni. "Umenipandishia alama?"

"Hapana. Makosa ni makosa. Ila kuyatangaza ndiko nilikokosea mimi."

Simu ikalia tena: mama. Ruoyi akaweka spika, akainyanyua juu.

"Mama, nanyi nyote, nisikilizeni. Kwa daktari wa meno siendi. Nampenda Jinhe, na Jumamosi nitakula chakula cha mchana naye."