Sauti ya Pili Kwenye Singo ya Chiriku

Jua lilikuwa linazama Chiriku alipokwenda studio kugombana. Na alikwenda amejaa kweli, msimuone mdogo vile.

Singo yake ya afrobiti, ya kwanza maishani, ilikuwa imeachiwa juzijuzi tu na tayari ilikuwa kila mahali: kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, hadi kwenye simu za walimu. Raha iliyoje! Ila kila aliyemsifu alimalizia na swali lilelile. "Na yule dada anayekuitikia kwenye kiitikio ni nani? Ana sauti yule, we acha tu!"

Dada gani? Chiriku aliimba peke yake, na shahidi ni Fundi mitambo aliyemrekodi. Basi ni yeye huyohuyo Fundi aliyemchomeka mtu kwa siri, ili kesho keshokutwa huyo mtu ajitokeze kudai wimbo ni wake. Halafu kulikuwa na jambo la koo. Tangu singo itoke, sauti ya Chiriku ilikuwa inamkauka siku hadi siku, na jioni hii alibaki na mkwaruzo mtupu. Mwimbaji akikosa sauti amebaki na nini? Aliogopa, wala hakujificha kwamba ameogopa.

Alimkuta Fundi hajawasha taa. Amevaa hedifoni, anasikiliza. Chumba kilinuka dawa ya kuchua.

"Kaka, umeniwekea nani humu?"

"Sijaweka mtu, mdogo wangu. Sikiliza mwenyewe."

Akazima ngoma. Akazima gitaa, akazima kinanda. Ikabaki sauti ya Chiriku tupu, kama alivyoirekodi, na nyuma yake...

Mwanamke.

Anavuta pumzi kabla yake. Anaitikia taratibu, karibu mno...

"Mtoe!" Chiriku alikwaruza.

"Hatoki. Yumo ndani ya sauti yako."

Chiriku akageuka kutazama pale alipoimbia. Ukutani, ili kuua mwangwi, Fundi alikuwa ametundika godoro kuukuu. Siku ile alimsihi alisogelee. Karibu, mdogo wangu, karibu zaidi... mpaka paji la uso likaligusa. Sasa aliona doa la jasho katikati yake, umbo la mtu aliyelala ubavu. Harufu ya dawa ilitoka hapo.

"Godoro la nani hili?"

Fundi akainama.

"Kaka!"

"La wifi yako," Fundi akanong'ona. "Aliugulia hapo mpaka mwisho. Alikuwa ananiomba nimrekodi wimbo mmoja tu. Mimi namwambia kesho, kesho, nina wasanii wanasubiri."

"Kwa hiyo ulijua."

Fundi akainua uso. Machozi yalimtiririka na, jamani, alikuwa anatabasamu.

"Ufute huo wimbo! Sasa hivi!"

"Nimzike mara ya pili?"

Huko nje mtu alikuwa akipita na redio, kiitikio kinalia, watoto wanakifuatisha. Nani angeufuta tena? Chiriku alirudi nyuma hadi mlangoni. Simu yake ikaita mkononi. Mama! Alishukuru Mungu, akapokea haraka.

"Mama, ni mimi. Nakuja nyumbani."

Sauti ilitoka laini. Haina mkwaruzo hata kidogo.

Fundi akavua hedifoni polepole, akasimama, akamtazama Chiriku kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo.



"Samahani, dada," mama akasema kwa adabu kwenye simu. "Naomba umpe simu mwanangu."