Makarai Arobaini na Matatu ya Omena

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Bhoke alifungua droo yake katika kampuni ya programu za simu mjini Homa Bay, akakuta daftari halipo. Akawasha kompyuta. Faili zake zote za omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimefutwa. Akaketi sakafuni, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, akalia.

Sajenti Nchagwa alifika saa nne, na kusema kweli hakuelewa kitu. Yeye alizoea wizi wa ng'ombe, na ng'ombe angalau huacha nyayo. Hapa aliambiwa zimeibwa tarakimu. Kwa miezi minne Bhoke, Mkuria wa Kehancha, alikaa Muhuru Bay akikusanya idadi ya makarai ya omena yaliyofika ufuoni kila asubuhi, ili atengeneze programu ya kuwatabiria wachuuzi idadi hiyo. Alhamisi mkurugenzi, Bi. Edinah, angemchagua mwenye programu bora awe mkuu wa mradi. Mkataba wa Bhoke ulikuwa unaisha mwezi huo. Bila daftari angerudi kwao mikono mitupu.

Hakukumbuka hata tarakimu moja? Moja tu, asubuhi bora kuliko zote: Novemba ishirini, makarai arobaini na matatu. Nchagwa aliiandika kwa kukosa la kuandika.

"Ni Frankline," Bhoke akasema. "Ijumaa aliniambia mbele ya watu hii kazi si yangu peke yangu. Hapa ni kwao, Afande. Mimi ni mgeni."

Frankline, kijana wa Muhuru Bay aliyekaa meza ya pili, alikuwa na ufunguo na alionekana ofisini Jumapili saa kumi. Alikubali yote mawili; alikuja kumalizia kazi yake, alisema. Alipoulizwa maana ya maneno yake ya Ijumaa, alisema aulizwe Bhoke mwenyewe. Bhoke akasema hajui.

Mokaya, mkuu wa kitengo, Mkisii mpole kutoka Nyamira, alimletea Sajenti chai kwa mkono wake. Naye alikuwa na ufunguo, lakini wikendi alikuwa kwao, alisema. Bila kuombwa akampa nakala ya rekodi zake mwenyewe, za ufuo wa Homa Bay, ambazo angewasilisha Alhamisi. Nchagwa alitafuta Novemba ishirini: makarai mawili. Basi hazikuwa za Bhoke. Akazidi kuchanganyikiwa.

Jumanne saa tisa alimwita Frankline kituoni.

"Wewe na Bhoke nyote ni Wakuria," Frankline akasema. "Andika tu nimeiba, tumalize."

Hilo lilimuuma Nchagwa, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ameanza kuandika hivyo hivyo. Akamsukumia rekodi za Mokaya amweleze anachokiona humo. Frankline akasoma mstari mmoja, akacheka.

"Novemba sita, makarai arobaini na tatu? Afande, hiyo usiku mwezi ilikuwa kubwa. Omena tunavua na taa, kukiwa giza. Mwezi ikiwaka, samaki haiji kwa taa. Maboti yanalala, watu wanashona nyavu."

Nchagwa ni mtu wa milimani. Hakuwahi kusikia hayo. Alitazama kalenda: mwezi mpevu, Novemba tano. Akampigia mwenyekiti wa wavuvi wa Homa Bay, akaambiwa hakuna boti la omena lililotoka usiku huo. Kisha akakumbuka makarai arobaini na matatu ya Bhoke, akahesabu kwa vidole, kutoka sita hadi ishirini. Siku kumi na nne. Mtu alizirudisha nyuma tarehe za Bhoke wiki mbili zisitambulike, bila kujua kwamba amewapeleka wavuvi ziwani usiku ambao hakuna anayekwenda.

Jumatano saa nane, wote wakiwa ofisini, alimuuliza Mokaya kama Novemba sita alisimama ufuoni mwenyewe.

"Mwenyewe, nikaona makarai yote yakishushwa," Mokaya akajibu.

Frankline akainamisha kichwa. Nchagwa akaeleza habari ya mwezi, taratibu, kisha akamwomba Mokaya ufunguo wa gari lake. Daftari lilikuwa chini ya kiti.

"Miaka sita nafundisha vijana hapa," Mokaya akasema. "Kila mmoja anapanda juu yangu. Huyu Bhoke nilimfundisha hata kufungua faili."

Nchagwa alimhurumia kidogo, akamfunga pingu.

Frankline alikuwa amelifungua daftari. Zaidi ya nusu ya kurasa zilikuwa na mwandiko mwingine, wa herufi kubwa za duara.

"Huyu ni mamangu," akasema. "Alikulaza kwake, akakuhesabia makarai ukienda kwenu na ukilala. Kila Jumapili ananipigia, ananiuliza kama jina lake imetoka kwa simu."

Bi. Edinah akafungua ukurasa wa kwanza wa wasilisho alilokuwa ametumiwa na Bhoke mwezi uliopita. Lilikuwamo jina moja, la Bhoke. Akamuuliza aandike nini kwa ajili ya kesho.

Bhoke akachukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena. Aibu ilimjaa machoni.

"Frankline," akasema, "mamako anaitwa nani? Miezi minne nilimwita Mama tu."