Nililijua Neno "Ilichomwaka", Nikanyamaza

Nina umri wa miaka arobaini na minane. Nilisomea lugha katika chuo kikuu kule Lubumbashi, nikahitimu, na leo ninauza samaki wakavu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Ninaeleza haya mapema, ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba nilichokifanya nilikifanya kwa ujinga. Laiti ungekuwa ujinga...

Mwaka jana wenzangu watatu wa chuo walinitumia ujumbe kwamba Jumamosi wangevuka mpaka kuja kunitembelea. Mmoja ni mkurugenzi, mwingine mhadhiri. Niliitazama sebule yangu: viti vilivyochoka, kalenda ya parokia, ukuta mtupu. Nikaona haya. Nikaazimia kwamba watakapoingia, kitu cha kwanza kukiona kiwe televisheni kubwa ukutani. Nikanunua ya inchi sitini na tano.

Mama, ambaye ana miaka sabini na sita, aliizunguka mara mbili kwenye boksi lake.

"Solange, hii ni televizyo ao ni mulango?"

Mama husikia kwa shida. Kwa sababu hiyo tulikubaliana kwamba kiti chake kikae karibu kabisa na ukuta ule.

Sasa niuelezee ukuta wenyewe. Baba aliijenga nyumba nikiwa na miaka kumi na minne, kwa matofali mabichi: udongo wa kichuguu uliokaushwa juani tu. Mimi mwenyewe niliukanyaga udongo ule kwa miguu yangu. Kiangazi kimoja paa la majani likaungua lote. Baba akaezeka mabati, kisha akapaka plasta ya saruji juu ya matofali yaleyale mabichi. Mtu akiitazama leo, ataapa kwamba ni nyumba ya matofali ya kuchoma.

Alhamisi alikuja fundi, ba Mwansa kama tunavyomwita kwa heshima, Mbemba wa makamo, mtaratibu, ambaye jina lake lilikuwa safi soko zima. Kabla ya kufungua sanduku lake la vifaa aliupapasa ukuta. Kisha akamgeukia mama, kwa kuuheshimu uzee wake, akamuuliza kwa Kiswahili alichojifunza kwa wachuuzi wa Kongo:

"Bamayo, hii nyumba ilichomwaka?"

Fundi aliuliza kama matofali yalichomwa tanurini. Mama akasikia habari za paa lililoungua.

"Ilichomwaka, mwanangu. Moto ilikuwa mukali, siku muzima."

"Siku muzima? Basi iko nguvu."

"Nguvu sana. Tulilia."

Ba Mwansa akacheka. "Bakongo, munalilia mupaka matafari!"

Mama hakusikia vizuri, naye akacheka. Walicheka wote wawili, kila mmoja na nyumba yake kichwani... na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao.

Nilielewa pande zote mbili. Sentensi moja ingetosha: ba Mwansa, matofali haya ni mabichi. Lakini nilijua kwamba angefunga sanduku lake, au angedai kwanza tusimamishe nguzo za mbao kutoka sakafuni, na Jumamosi ingetukuta bado. Nikanyamaza.

Drili haikulia kama inavyolia kwenye tofali lililoiva. Iliguna kidogo kwenye plasta, kisha ikazama kama mwiko ndani ya bukari, ugali wetu. Likamwagika vumbi jekundu. Ba Mwansa akasimama, akalisugua kati ya vidole.

"Ba madam, hii vumbi iko laini sana."

"Ni plasta ya zamani," nikamjibu. "Endelea tu."

"Wewe ndiye unajua nyumba yenu," akasema, akaendelea.

Hapo sikuwa nimenyamaza tena. Hapo nilidanganya.

Ijumaa asubuhi niliona ufa mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye pembe ya chuma kilichobeba televisheni. Jioni ufa uleule ulikuwa ukipitisha ukucha. Je, niliishusha? Nilitundika kitambaa cha kitenge juu ya ufa. Je, nilikisogeza kiti cha mama? Nilikishika, msomaji... nilikishika kwa mikono yote miwili, kisha nikakiacha, kwa kuwa angeniuliza sababu.

Jumamosi wageni waliingia. "Docteur wa samaki, kumbe uko na sinema!" alitania mhadhiri. Tulikula, tukacheka, lakini sikumbuki ladha ya chakula, kwa maana jicho langu moja lilikuwa kwenye kitambaa kile. Walipoondoka nilishusha pumzi, nikajiambia kwamba Jumatatu nitamwita fundi aishushe.

Jumapili, baada ya misa, nilikuwa nikiosha sahani. Mama aliona vumbi jekundu juu ya kioo cha televisheni, akainuka kulifuta.

Nilisikia kishindo kama cha gunia la mihogo lililotupwa kutoka kwenye lori. Nilipofika, plasta ilikuwa imebanduka kipande kizima, matofali yamemwagika nyuma yake, na televisheni ilikuwa imemlalia mama kiunoni. Aliniangalia tu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini, majirani na akina mama wa parokia waliniuliza ni nani aliyeifunga televisheni ile. Nikasema: ba Mwansa. Ni kweli, ndiye aliyeifunga! Sikuongeza neno. Wiki haikuisha, watu watatu waliokuwa wamemwahidi kazi wakamwambia asije.

Hata hivyo alikuja kumwona mama, akiwa na samaki wabichi kwenye beseni. Akaketi, akamwinamia sikioni.

"Bamayo, nilikuuliza kama nyumba ilichomwaka. Ulisema ndiyo."

"Ndiyo, ilichomwaka," mama akajibu. "Majani yote ya juu iliungua."

Ba Mwansa akabaki ameinama palepale sikioni. Kisha akaniangalia mimi, bila hasira.

"Ba madam, wewe ulisikia yote mbili: matafari yangu na majani yake."

Mama akageuza kichwa. "Solange, ulijua?"

Nilitaka kueleza habari za wageni, za haraka, za ukuta mtupu. Ni neno moja tu lililotoka: ndiyo.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waumini baada ya misa, nikasema ukweli kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kisha nikaurudia sokoni. Wengine walinihurumia, wengine walisonya. Ba Mwansa alikuwa amekwisha kuhamia Mununga kutafuta kazi mahali ambapo jina lake halijachafuka. Nilimfuata kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia kwamba amesamehe. Lakini hakurudi.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Kwa miaka mingi, daktari akisema Kiingereza, mimi ndiye niliyemgeuzia maneno kwa Kiswahili. Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kuangaliwa nyonga. Daktari alipoanza kusema, nilifungua kinywa. Mama akaniwekea mkono gotini, taratibu, akamwita mwanamke wa Kikongo aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni, mtu asiyemjua hata jina.

"Mama, tafazali, njoo uniambie ile anasema."

Nilikaa kando yao, nikasikiliza. Yule mwanamke alikosea maneno mawili. Sikuthubutu kumsahihisha.

Ndugu msomaji, kama umesimama kati ya watu wawili, ukasikia neno moja likienda njia mbili, sema palepale, hata kama ukweli utakuaibisha mbele ya wageni. Usingoje Jumatatu. Mimi nilingoja.