Fundi Bomba na Koki ya Hospitali

Fundi bomba alizibua mabomba ya mtaa mzima, lakini mkojo wake mwenyewe ulitoka kwa matone. Aliona aibu, akanyamaza. Siku ulipogoma kabisa, mkewe akamkimbiza hospitali.

"Tezi dume imekua, inabana njia ya mkojo," daktari alisema baada ya vipimo. "Si saratani."

"Mtanipasua tumbo?" fundi aliuliza.

"Ingekuwa kubwa sana, huenda. Lakini kwa kupasua tumbo, damu nyingi zaidi hupotea. Yako tutaikwangua kupitia njia ya mkojo. Hapo hatari ni maji ya kusafishia kibofu: yakiingia mwilini, huweza kushusha chumvi ya damu. Ndiyo maana tunatumia maji yenye chumvi, na tutapima damu kabla na baada."

Fundi alisikia neno moja tu: damu.

Alipozinduka baada ya upasuaji, maji yalikuwa yakishuka kwa mpira, yanaingia kwenye kibofu, yanatoka mekundu. Mfuko chini ya kitanda ulikuwa umejaa wekundu.

"Mama watoto, naisha," alinong'ona.

Kisha akafanya kile anachofanya kila siku akiona kinachovuja. Alifunga koki ya mpira ulioleta maji.

Punde tumbo likakaza, maumivu yakampanda hadi jasho likamtoka. Mkewe akakimbia kumwita muuguzi.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi. Damu ilikuwa inaniishia."

Muuguzi alivuta mabonge ya damu kwa bomba la sindano, akafungua koki. "Mzee wangu, haya ni maji, damu kidogo tu imeyapaka rangi. Yakisimama, damu inaganda, mpira unaziba. Usipime damu yako kwa macho. Kipimo ndicho kinachosema."

"Na kimesema nini?" mke aliuliza.

"Damu imeshuka kidogo, hahitaji kuongezewa. Chumvi iko sawa. Wekundu ukizidi kuwa mzito, mabonge yakitoka, au akianza kuchanganyikiwa, niiteni. Koki msiguse."

Tangu hapo fundi aliikalia mikono yake. Kila rangi ilipobadilika alimwita muuguzi, hadi wodi nzima ikamcheka. Hofu haikumwacha.

Siku ya kutolewa mpira aliingia chooni. Mkojo ukigoma tena je? Alisubiri. Kimya. Kisha mkojo ukatoka, mfululizo, kwa nguvu.

"Mama watoto," aliita, "unasikia?"

"Nasikia," mkewe alijibu nyuma ya mlango, akilia. "Maliza, baba."