Unga wa Maganda ya Karanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ng'washi alisugua karanga za kukaanga kwenye ungo, kisha akazipepeta ili maganda mekundu yatoke. Mama yake, Modesta, alizisaga na kutengeneza siagi ya karanga ya kuwauzia majirani wa Mkolani. Zamani maganda yalimwagwa jalalani na mambo yakaishia hapo. Sasa yalijaa kwenye kiroba kando ya mlango, na upepo ukivuma yaliingia hadi kwenye uji.

"Huyo mwalimu wako na maganda yake wamenichosha!" Mama alifoka huku akiyaopoa kwenye kikombe chake. "Uchafu gani huu wa kutunzwa ndani kama sukari?"

"Siyo uchafu, mama. Mwalimu anasema yana kitu kinachozuia mafuta yasichache."

"Basi kizuie! Siagi yangu ikikaa inanuka, wateja wananirudishia makopo wamenuna. Nasubiri mpaka mwisho wa muhula. Ikiwa ni porojo, nayachoma yote."

Mwalimu Ponsian, aliyesimamia klabu ya sayansi, alikuwa na masharti yake. Maganda safi yalowekwe kwenye maji ya moto, lakini yasichemke. Maji yakishakuwa mekundu yachujwe, yamwagwe kidogo kidogo kwenye sinia na kuachwa stoo, kivulini, madirisha yakiwa wazi, hadi yabaki kama unga. Unga huo ungechanganywa kwenye kopo moja la siagi, na kopo jingine lingebaki bila kitu. Florian, mwanaklabu mwenzake Ng'washi, alipewa kazi ya maji ya moto. Ng'washi alipewa kazi ya kukausha.

Kazi hiyo ilimuudhi kweli. Kila akichungulia, masinia bado yalikuwa mabichi. Hivi kuna mtu Mwanza anayekausha kitu kivulini? Dagaa huanikwa kwenye mawe, mihogo kwenye mawe, hata nguo za shule! Basi akabeba masinia, akayapanga juu ya jabali nyuma ya madarasa. Jioni kila kitu kilikuwa kikavu.

"Umekausha kivulini?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Katikati ya muhula walifungua makopo. Yote mawili yalinuka.

Mwalimu Ponsian alifunika pua. "Florian! Nilisema maji ya moto. Nani alikutuma kuyachemsha?"

"Sikuyachemsha, mwalimu."

"Usinibishie! Nimesema mpaka koo limekauka. Kwenye maonyesho ya sayansi kule Nyakato hutakwenda."

Florian alitoka nje akifuta macho. Ng'washi alimfuata akiwa amekasirika, ingawa hakujua amemkasirikia nani.

"Sasa unalia nini?" alimkaripia.

"Nilikaa na lile sufuria bila kuondoka," Florian alisema. "Kila mtu ataniita mzembe, na mimi sikukosea."

Ng'washi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Aligeuka, akarudi darasani.

"Mwalimu, ni mimi. Nilianika juani, juu ya jabali."

"Jabalini!" Mwalimu alishika kichwa. "Ulidhani ni dagaa? Jua kali linaharibu kile kile tunachokitafuta! Na mimi nimemgombeza mtoto wa watu bure!"

Alimwita Florian, akamwomba radhi mbele ya klabu nzima. Kisha akaamuru kazi ianze upya, na ule unga wa juani nao uwekewe kopo lake.

Safari hii Ng'washi alisubiri. Alinung'unika, akasonya, akachungulia masinia mara nyingi, lakini hakuyatoa stoo.

Wiki ya maonyesho, mwishoni mwa muhula, Mama aliitwa shuleni kunusa. Kopo lisilo na unga lilinuka. La unga wa juani lilinuka. La unga wa kivulini lilikuwa na harufu ya karanga zilizotoka kukaangwa. Alinusa tena, akakunja uso.

"Haya, sichomi," alisema. "Ila hicho kiroba mkifunge mdomo!"

Ng'washi aliruka kwa furaha. "Mwalimu, naomba nilishike hili zuri kwenye maonyesho!"

"Hilo ni la Florian. Wewe utasimama na la juani, na kila atakayeuliza utamweleza limeharibikaje."

"Mwalimu, watanicheka!"

"Wakucheke. Kukosea kwako kumetufundisha kwamba jua linaharibu dawa yetu, na hilo ni jambo la maana. Uongo wako ulitufundisha kwamba maganda ni takataka na Florian ni mzembe, nasi tukaamini yote mawili. Ukikosea, sema mapema, mwanangu, kabla mwenzako hajalipa."

Siku ya maonyesho, mgeni wa kwanza alifunua kopo la Ng'washi, akarudi nyuma akikunja pua.

"Nani kaharibu hii?"

"Shikamoo," alisema Ng'washi. "Ni mimi. Subiri nikueleze."