Kura Arobaini za Hewa

Jumatatu asubuhi, siku ya nne tangu matokeo yatangazwe, mwalimu mkuu alikuwa jikoni anatafuta kopo la sukari. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo, na binti yao alikuwa sebuleni anavaa viatu vya shule. Alilikuta kopo juu ya kabati, akalishusha. Hapo mtu akasema, kutoka ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli, kwa sauti ya upole iliyochoka kidogo:

"Imeonekana."

Alibaki na kopo mkononi. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake. Alijiambia ni redio ya jirani, akatia vijiko vinne vya sukari badala ya viwili, akanywa chai ikamchoma ulimi. Jirani hakuwa na redio.

Mtaani walimwita Kipaza, naye alidhani ni sifa. Alikuwa na sauti ya kusikika hadi barabara ya pili, na hakuwahi kumbishia mkubwa yeyote tangu azaliwe. Kwa sababu hizo mbili, kila uchaguzi alipewa kusimamia kituo cha kura katika darasa la shule yake mwenyewe.

Kazi ya kuhesabu kura, kwa asiyeijua, ni hivi. Karatasi zinatolewa sandukuni moja moja. Msimamizi anainua karatasi juu, anaionyesha kushoto na kulia, anasoma alama iliyotiwa tiki. Mawakala wa vyama, wakishaiona kwa macho yao, wanajibu "Imeonekana," na kila mmoja anachora kijistari kwenye daftari lake. Haihitaji akili. Inahitaji macho na aibu kidogo tu, na usiku ule macho yalikuwepo ila yalikuwa na shughuli nyingine. Wakala wa chama cha Ndoo alikuwa ameinamia simu anafuatilia mpira. Wakala wa Kijiko alikuwa anasinzia na kalamu mkononi. Walisema "imeonekana" kama mtu anavyoitikia salamu za asiyempenda.

Sanduku liliisha Ndoo ikiwa mbele kwa kura thelathini na mbili. Sasa, Kipaza alikuwa na ahadi yake. Mgombea wa Kijiko, mheshimiwa ambaye kwa miaka mitano bungeni alisimama mara moja tu, tena kuuliza msalani ni wapi, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake: ukaguzi wa shule za wilaya nzima ni wako, wewe niletee kituo. Basi Kipaza hakusema kura zimeisha. Alitia mkono ndani ya sanduku tupu, akautoa mtupu, akauinua juu, vidole vimebana hewa.

"Kijiko!"

"Imeonekana," wakasema mawakala, bila kuinua vichwa.

Alifanya hivyo mara arobaini. Karatasi zenyewe, zile zilizobaki bila kutumika, alizitia tiki baadaye, chooni, amezipanga juu ya magoti, mtu mzima mwenye cheti chake cha ualimu kimetundikwa ukutani. Kwenye daftari la wapiga kura alitafuta majina arobaini ya watu ambao hawakutokea, akayawekea alama. Mawakala walitia sahihi, wakapiga miayo, wakaenda zao. Ni jambo moja tu lililomkera njiani akirudi nyumbani: kuanzia mara ya tano hivi, waliokuwa wakijibu hawakuwa wawili. Walikuwa watatu, kisha sita, kisha wengi. Alidhani ni mwangwi wa darasa.

Wiki ile stoo ilianza kunuka wino, ule wino wa kuchovya kidole, uliochanganyika na harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi. Alifungua akachungulia, akaona dawati bovu na magunia. Akafunga. Mchana kweupe, jua limejaa uani, alisikia nyuma ya mlango ule nyayo zinaburuzwa: hatua moja, kimya, hatua moja, kimya. Alikuwa ameisikia sauti hiyo siku nzima ya uchaguzi. Ni sauti ya watu walio kwenye foleni.

Jumatano alirudi mapema kutoka kazini, akaona bakuli la paka limewekwa sabuni ya kufulia.

"Paka yuko wapi?"

"Paka gani?" aliuliza mkewe.

"Paka wetu. Yule wa kijivu."

Mkewe aliacha kupiga pasi, akamtazama. "Baba Kidoti, sisi tangu lini tukafuga paka? Umechoka. Uchaguzi umekuchosha."

Binti yao alikuwa na miaka minane, mwenye alama nyeusi ya kuzaliwa shavuni, ndiyo maana aliitwa Kidoti. Alimvuta baba yake shati mpaka akainama.

"Baba, walimpaka wino mguuni," alinong'ona. "Halafu wakamwambia apite."

"Nani?"

"Wale wa foleni."

Mwanamume mwenye moyo angemchukua mtoto na mkewe akaihama nyumba siku hiyo hiyo. Kipaza alimwambia mtoto aache kutazama katuni.

Alhamisi ikaja karatasi ya mahakama. Watu wa Ndoo walikuwa wamefungua kesi, kwa sababu katika majina yale arobaini watatu walikuwa marehemu, na mmoja wao alizikwa mbele ya nusu ya mtaa. Kesi ingesikilizwa Jumatatu, na msimamizi aliitwa kama shahidi. Mheshimiwa alipiga simu kabla karatasi haijapoa. "Mwalimu, sema uliziona, basi. Barua yako ya uteuzi ninayo hapa, inasubiri tarehe tu."

Ijumaa asubuhi Kidoti alikuja mezani na kidole chake kidogo cha kushoto kimekuwa cheusi mpaka kwenye ukucha. Kipaza alikisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, mpaka mtoto akalia. Wino haukutoka. Mkewe akaingia na chakula, akaweka sahani mbili, akakaa.

"Na ya Kidoti?"

Mkewe alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la barabara aliyopita zamani. "Eeh," alisema mwishowe, "Kidoti." Akaleta sahani ya tatu, akaiweka upande usiokuwa na mtu. Mtoto alihama kiti ili aifuate.

Hofu iliyomshika Kipaza hapo ilikuwa ya kweli, hilo hatumnyimi. Jumamosi alikwenda kwa mama mmoja aliyesifika kwa kutoa majini. Alimkuta kibarazani anashona vifungo vya sare za shule. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha sindano.

"Nioneshe huo mkono uliotia sandukuni."

Akampa. Mama yule aliunusa, akaurudisha kama mtu anayerudisha samaki sokoni.

"Majini wanaovamia nawatoa, hata wakiwa wakorofi vipi," alisema. "Hawa hawakuvamia. Umewaita kwa sauti, wameitika, umewahesabu, na ukatia sahihi. Mimi nitawafukuzaje wageni wako?"

"Lakini mama, ilikuwa hewa tu!"

"Hewa ndiyo kwao. Wewe ulidhani wanakaa wapi?"

Kipaza aliuficha mkono mfukoni.

"Umewaingiza arobaini kwenye daftari la watu," aliendelea mama. "Na daftari halizidi idadi yake. Si wewe uliyekuwa unawatangazia watu kanuni hiyo kwa hilo domo lako? Akiingia wa hewa, wa mwili anatoka. Wameanza na paka, wanajaribu mlango. Sasa wanamtaka mtoto."

"Dawa yake nini?"

"Kinywa kilichowaita kiwakane, mbele ya watu, pale pale kitakapoulizwa. Jumatatu. Sema hukuona kitu, na mtoto atabaki. Sema uliziona, na ameondoka. Sina ubani wala hirizi ya kuongeza hapo."

"Nitafungwa."

"Utafungwa."

"Na kile cheo..."

Mama yule aliinua macho kutoka kwenye sindano. "Inuka uende," alisema. "Usininukishie kibaraza."

Jumatatu aliamka akakuta Kidoti anaonwa na yeye peke yake. Mkewe alipita mbele ya mtoto kama anapita mbele ya dirisha. Kipaza alimshika mkono wakaenda wote mahakamani, na mkono wenyewe ulikuwa mwepesi, kama glavu. Askari wa mlangoni nusura ambane mtoto na mlango. Mwanamke mmoja mnene alitaka kumkalia kwenye benchi la nyuma, Kipaza akaruka akazuia, watu wakamcheka.

"Baba, utawaambia?" aliuliza Kidoti kwa sauti ndogo.

"Nitawaambia."

Na tumpe haki yake: wakati anasema hivyo, alikuwa anamaanisha.

Mawakala walitangulia kutoa ushahidi. Wa Kijiko aliapa kwamba aliziona kura zote. Wa Ndoo, ambaye chama chake ndicho kilichokuwa kinalia kuibiwa, angeweza kuimaliza kesi kwa sentensi moja, ila sentensi hiyo ilikuwa na mpira ndani yake, na mwenyekiti wake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Naye akaapa kwamba aliziona. Ndivyo watu wanavyouza nchi, wala si kwa njaa. Wanaona haya kusema nilikuwa natazama simu.

Kisha akaitwa Kipaza. Alisimama kizimbani, akashika ukingo wa mbao, na chumba kikaanza kunuka wino.

"Shahidi," wakili aliuliza, "hizi kura arobaini za mwisho, uliziona kwa macho yako?"

Alifumbua kinywa kusema hapana, na hapo akamwona mheshimiwa amekunja nne, bahasha nyeupe imelala juu ya goti lake, na nyuma ya mheshimiwa, kando ya ukuta mzima kutoka mlangoni hadi dirishani, akawaona wamesimama wameshikana migongo kama watu walioamka alfajiri kuwahi foleni, arobaini kamili, hawana nyuso bali mahali pa nyuso, na kila mmoja ameinua kidole cheupe kisicho na wino, na wa mbele kabisa ameshika bega la Kidoti, naye Kidoti anamtazama baba yake bila kulia, akingoja, na katika pumzi ile moja Kipaza alijisemea kwamba mama yule wa vifungo huenda ni mshirikina tu, kwamba mtoto yupo, si huyu hapa anamwona, kwamba kweli inaweza kusemwa hata kesho, hata mwakani akishakaa kitini, lakini bahasha ikirudi mfukoni haitoki tena.

"Niliziona," alisema.

"Imeonekana," wakajibu wote arobaini, kwa adabu.

Hakimu aliendelea kuandika. Mwanamke mnene wa benchi la nyuma alijisogeza, akatandaza kanga yake vizuri pale palipokuwa na nafasi.

Kipaza alipita katikati ya watu waliokuwa wakimpa mikono, na mheshimiwa akambandika bahasha kifuani akamwita mkaguzi. Alikimbia njia nzima, na kwa umri wake na tumbo lake hazikuwa mbio za kutazama. Mkewe alikuwa mezani, ameweka sahani mbili.

"Kidoti yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanangu! Mwanao!"

Mkewe aliinuka taratibu, akaja akamshika mashavu kwa mikono miwili, macho yake yamejaa huruma. "Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini, "hilo si tulikubaliana tusiliseme tena? Mungu hakutujalia. Tumezeeka nalo. Kaa ule."

Chumba cha Kidoti kilikuwa na ubao wa pasi na ndoo. Ukutani, palipokuwa na michoro yake ya chaki, rangi ilikuwa safi. Kipaza alipekua kabati, alipekua uvungu wa vitanda, na chini ya kochi la sebuleni mkono wake ukagusa kiatu cha shule, kimoja, cha kushoto, kamba yake imefungwa mafundo mawili kama yeye alivyomfundisha.

"Mama Kidoti, tazama hiki! Cha nani hiki?"

"Labda cha mtoto wa jirani. Na hilo jina usiniite, tafadhali, linaniumiza."

Alisimama katikati ya sebule. Aliinua kiatu juu, akakionyesha kushoto, akakionyesha kulia, kisha kwa sauti ile iliyofika barabara ya pili akasoma:

"Kidoti!"

Akangoja. Mkewe alikuwa amefunika uso kwa mikono. Stoo ilikuwa kimya. Wale arobaini wasiokuwepo walikuwa wameitikia kila mmoja, bila hata kuitwa mara mbili. Alimwita huyu mmoja aliyekuwepo mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyejibu.